Ghasia za wodini zina saa zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililoliona kwa zaidi ya miaka 20 nikiwa muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili. Wagonjwa wengi hawamgusi mtu, lakini siku mmoja wao anapompiga mwenzake au muuguzi, husemwa kwamba ugonjwa umempanda ghafla, na wapo wanaousingizia mwezi mpevu. Watafiti waliolinganisha tarehe za ghasia na mwezi hawajapata uhusiano wa kuaminika. Wanachokikuta mara kwa mara ni kwamba ghasia huwa nyingi siku za mwanzo za kulazwa, dawa ikiwa bado haijashika na mgonjwa haelewi amefikaje pale, kwamba huzidi saa za chakula, za dawa na za kupokezana zamu, na kwamba hupungua sana usiku wa manane.

Sisi tulikabidhiana zamu saa nane mchana, wauguzi wote tukiwa tumejifungia chumbani na kitabu cha ripoti. Namkumbuka kijana mmoja, siku yake ya pili wodini, akigonga kioo cha dirisha letu taratibu kwa vifundo vya vidole, akiomba mama yake apigiwe simu. Tukampungia mkono asubiri. Akagonga tena, na tena, na mara ya nne kioo kikapasuka, naye akatulizwa kwa sindano ya usingizi. Kitabuni tuliandika "amefanya fujo". Hatukuandika saa, wala kwamba alikuwa ameomba mara tatu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wataalamu wa Norway walitunga fomu fupi ya dalili sita, zikiwemo kuchanganyikiwa, hasira za haraka, makelele na vitisho, ambayo hujazwa kila zamu ili kukadiria hatari ya saa 24 zijazo. Ni karatasi na kalamu tu, na hospitali zetu zinaimudu.

Naziomba wizara na waganga wafawidhi wahakikishe kwamba wakati wa kukabidhiana zamu muuguzi mmoja anabaki nje na wagonjwa, hata tukiwa wachache, na kwamba kitabu cha matukio kinakuwa na safu ya saa, na nyingine ya kile mgonjwa alichokuwa akikiomba kabla ya tukio.

Muuguzi mstaafu,
Tanga