Mdogo wangu, kabla hujawapeleka wanafunzi wako kule

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia unataka kuwapeleka wanafunzi wako wakatembelee shule ya watoto wenye ulemavu, na umeshaanza kukusanya sabuni na madaftari. Nakujibu hadharani kwa sababu walimu wengi huipanga safari hii kama ulivyoipanga wewe. Nami niliipanga hivyohivyo.

Mara ya kwanza tulikaa upande mmoja wa ukumbi, wenyeji upande wa pili. Tukakabidhi zawadi, tukapiga picha, tukaaga. Njiani mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani wale nao hufundishwa hesabu?" Niliumia sana. Nilikuwa nimempeleka akawahurumie watoto wenzake, na hakujua hata wanasoma nini.

Mara ya pili nilimwandikia kwanza mkuu wa shule, nikamuuliza wao wangependa tufanye nini pamoja. Akasema tuingie darasani, wawili wawili. Msichana asiyeona akamfundisha mwanafunzi wangu kuandika nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kwa kibao chenye matundu na kijisumari cha kutobolea. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokea nyuma ya karatasi. Ukishaigeuza, unasoma kutoka kushoto kama kawaida. Kijana wangu, anayeongoza darasa kila muhula, alikosea jina lake mara tatu, na mwalimu wake mdogo akamrudisha mwanzo kila mara bila kumwonea haya. Niliwaambia kwamba Louis Braille, ambaye naye hakuwa akiona, alikamilisha mfumo huu mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Nikawaona wanahesabu miaka waliyobakiza kufika hapo.

Baadaye tukacheza mpira wenye kengele ndani, watatu kila upande, wote wamefungwa vitambaa machoni. Watazamaji hunyamaza ili wachezaji wausikie mpira unavyobingirika. Darasa langu, ambalo halijawahi kunyamaza, lilinyamaza. Tulifungwa vibaya!

Waandae wanafunzi wako wiki nzima kabla. Neno "bubu" waliache nyumbani, waseme kiziwi. Wakizungumza na kiziwi wamtazame yeye, si mkalimani. Mwombe mwalimu wa kule akufundishe salamu chache za lugha ya alama wanayotumia wao, maana lugha hizo hutofautiana nchi kwa nchi. Wasisukume kiti mwendo cha mtu bila kumuuliza, wala wasimshike mkono asiyeona na kumburuta. Wao watoe kiwiko, mwenyewe atashika akitaka. Picha zisipigwe bila ruhusa. Sabuni zako zipeleke tu, ila zikabidhi ofisini kimyakimya.

Halafu waalike nao waje kwenu. Sisi tulipowaalika, ndipo nilipoziona ngazi tatu za mlangoni kwa darasa letu, na choo ambacho kiti mwendo hakipiti. Miaka yote nilikuwa nikipanda ngazi zile. Chuoni nilikariri kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unataka watoto wenye ulemavu wasitengwe na mfumo wa elimu wa wote, na bado sikuwahi kuuliza kwa nini shuleni kwetu hayupo hata mmoja anayetumia kiti mwendo. Wazazi walisaidia kujenga mteremko wa saruji kabla wageni hawajafika.

Kesho ukifika kazini, upime mlango wa darasa lako, kisha uniandikie.

Dada yako