Barua kwa mwanangu: yule mzee wa mabomba

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza kwenye simu kwa nini umati wote ule umemzika mtu wa mabomba na mitaro. Jibu lilikuwa refu kuliko salio langu, ndiyo maana nakuandikia.

Waliosimama kumsemea marehemu walimsifu kwa upole. Hakuwa na makuu, walisema, hakugombana na mtu. (Waliokulia hapa wakicheza karibu na chemba zilizo wazi wanaujua ukali wake, lakini tuyaache hayo.) Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyesema yule mzee alikuwa mjuzi. Mtu akishika sururu na karai maisha yake yote, tunasifia roho yake kana kwamba kichwa hakikuwemo.

Chukua koki kuu ya maji. Vijana wapya huizungusha mbiombio wamalize kazi. Yeye aliifunga polepole, anazungusha kidogo, anatulia, anazungusha tena. Maji yanayokimbia bombani ni mzigo mzito ulio mwendoni. Ukiyazuia ghafla yanapiga kwa kishindo na kupasua bomba palipo dhaifu, pengine mbali kabisa na uliposimama. Wewe utayakuta hayo chuoni kwenye hesabu. Yeye aliyajua mkononi.

Mivujo aliitafuta usiku wa manane, watu wamelala, matumizi yamepungua na msukumo wa maji umepanda. Aliweka ncha ya fimbo ya chuma kwenye koki, ncha nyingine sikioni, akasikiliza, kisha akahamia koki inayofuata. Sauti ikizidi, anakaribia. Anayefuata dimbwi peke yake huchimba pasipo, kwa sababu maji yanayovuja hupita penye urahisi ardhini na kuibukia kando.

Kwenye maji taka hakuwa na mzaha hata chembe. Hewa ya chemba hunuka kama yai viza, na mtu hudhani harufu ikipotea hatari imekwisha. Kumbe gesi ile ikizidi hukuondolea kwanza uwezo wa kunusa. Mmoja anaanguka, mwenzake anaruka kumwokoa, wanakufa wote wawili. Kwa hiyo mzee hakuingia peke yake wala kabla hewa haijapimwa, na aliyebaki juu alikatazwa kumfuata hata iweje: avute kamba, aite msaada.

Kuna na klorini, dawa ya kuulia vijidudu majini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 0.2 kwa kila lita iwe bado imo maji yanapomfikia mtumiaji. Mzee alipima kwenye bomba la mwisho kabisa wa mji. Lililo jirani na mtambo wa kusafishia maji, alisema, halikosi kutoa majibu mazuri.

Sasa wenzake wanahangaika na koki zilizofukiwa chini ya lami, maana ramani ya ofisini haina marekebisho ya miaka yote hii. Bahati nzuri yupo binti aliyefanya naye kazi mwishoni. Alikuwa akiandika kwenye daftari kila mzee alipomwonyesha koki: ipo hatua ngapi kutoka kona gani, inafunga kulia au kushoto. Nimezungumza naye. Ukija likizo, msaidie kuichora ramani upya, na umsikilize kabla ya kumfundisha. Njoo na viatu vya kazi.

Mama yako