Tulikosa mitupo tisa ya adhabu, tusivunje timu kwa hilo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie jambo linalotukosesha raha wapenzi wa mpira wa kikapu hapa Dodoma. Timu ambayo mimi huiandikia alama mezani, huu ukiwa mwaka wa sita, imemaliza msimu ikiwa ya pili katika mashindano ya mkoa. Fainali tulifungwa kwa tofauti ya pointi nne. Nilidhani tutapumzika wiki mbili kisha turudi mazoezini. Kumbe viongozi wetu wameshaanza mazungumzo na timu moja ya Dar es Salaam: tuwape senta wetu, yule mrefu anayecheza karibu na pete, pamoja na mchezeshaji wetu anayegawa mipira, nao watupe mfungaji mmoja anayesifika kwa mitupo ya pointi tatu. Viongozi hawa nawaheshimu sana, maana nauli, maji na viatu vya vijana vimetoka mifukoni mwao. Lakini kwa hili wanakosea, na nimeona niseme mapema kabla maji hayajamwagika.

Hoja yao ni kwamba timu nzuri isingoje kuporomoka ndipo ibadilike, na mfano walioushika ni Toronto Raptors wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani Kaskazini. Ni mfano wa kweli, siubezi. Msimu wa 2017/18 Toronto walishinda mechi 59 na kuongoza kanda ya Mashariki ya NBA, halafu wakatolewa kwa mechi 4-0 na Cleveland ya LeBron James, timu ile ile iliyokuwa imewatoa 2016 na 2017. Rais wa timu wakati huo, Masai Ujiri, ambaye amekulia Nigeria, alimwachisha kazi kocha, kisha akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki aliyeichezea Toronto misimu tisa, ili ampate Kawhi Leonard wa San Antonio. Watu walimlaani. Juni 2019 Toronto wakaifunga Golden State 4-2 na kuwa mabingwa wa NBA kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Sasa tuusome mfano huo mpaka mwisho. Toronto walikuwa wamegonga ukuta ule ule miaka mitatu mfululizo, na kila mtu aliujua ukuta huo ni nani. Waliyemleta alikuwa ameshakuwa mchezaji bora wa fainali za NBA mwaka 2014. Mchezeshaji wao, Kyle Lowry, hawakumgusa. Pascal Siakam na Serge Ibaka nao walibaki. Na Kawhi mwenyewe alikaa msimu mmoja tu, akaondoka kwenda Los Angeles Clippers.

Sisi ukuta wetu ni upi? Nimelifungua daftari langu la fainali mara nyingi tangu siku ile. Tulikosa mitupo tisa ya adhabu, kila mmoja wa pointi moja. Tisa, Mhariri, mtu akiwa amesimama peke yake mbele ya pete, hakuna wa kumkaba, na tumefungwa kwa pointi nne. Hilo ni suala la kila kijana kubaki uwanjani robo saa baada ya mazoezi na kutupa mpaka mkono uzoee. Sioni linavyohusiana na kumpeleka mtu Dar es Salaam.

Kuna mfano mwingine ambao viongozi hawapendi nikiutaja. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, yapata saa mbili asubuhi kwa saa zetu, nilikuwa najiandaa kwenda kanisani simu ilipoanza kuita mfululizo. Dallas Mavericks walikuwa wamempeleka Luka Doncic Los Angeles Lakers na kumchukua Anthony Davis. Wengi tulidhani ni uzushi wa mitandaoni. Doncic alikuwa na miaka 25, na miezi minane tu nyuma alikuwa ameifikisha Dallas fainali ya NBA, ambako walifungwa na Boston 4-1. Mkuu wa timu, Nico Harrison, alisema anataka ulinzi, kwamba ulinzi ndio unaoleta ubingwa. Davis akaumia katika mechi yake ya kwanza. Mwezi Machi Kyrie Irving akachanika mshipa wa goti. Dallas wakamaliza msimu wakiwa wameshinda mechi 39 na kupoteza 43, hawakuingia hata kwenye mchujo wa kuwania ubingwa, na Novemba ya mwaka huo huo Harrison akaachishwa kazi. Majeraha hayakuwa kosa la mtu, hilo nalikubali. Lakini timu iliyotoka kucheza fainali ilivunjwa kwa sababu ya kitu ambacho kingeweza kuongezwa pembeni.

Nina sababu ya kumtetea senta hasa, kwa kuwa senta ndiye huonekana wa kutolewa kwanza. Hafungi sana na jina lake halitajwi. Mwaka 2010 Boston Celtics walicheza mechi ya saba ya fainali dhidi ya Lakers bila senta wao, Kendrick Perkins, aliyekuwa ameumia goti katika mechi ya sita. Walifungwa 83-79, na ribaundi, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, zilikuwa 53 za Lakers kwa 40 za Boston. Tofauti ya pointi nne tu, kama sisi. Ungedhani somo limeeleweka. Tarehe 24 Februari 2011, wakiwa wanaongoza kanda ya Mashariki, Boston wakamtoa Perkins kwenda Oklahoma City, wakamchukua Jeff Green ili kuongeza ufungaji. Miami wakawatoa raundi ya pili, 4-1.

Siku hiyo hiyo yalifanyika mabadilishano mengine ambayo Mtanzania hawezi kuyasahau. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyechaguliwa namba mbili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, alitolewa na Memphis kwenda Houston, na Shane Battier akaja Memphis. Kama Mtanzania iliniuma. Lakini kama mtu wa mezani lazima niseme Memphis walijua wanachofanya. Thabeet alikuwa anakaa benchi. Zach Randolph, Marc Gasol, Mike Conley, wale waliokuwa wakiibeba timu, hakuna aliyeguswa. Battier alikuwa ameanzia kazi yake Memphis, akaingia bila kuwavuruga wenzake. Mwezi Aprili, katika mechi ya kwanza dhidi ya San Antonio waliokuwa vinara wa Magharibi, yeye ndiye aliyetupa pointi tatu za kuipa Memphis uongozi mwishoni mwa mchezo, ukawa ushindi wao wa kwanza wa mchujo tangu timu ianzishwe. Kisha wakaitoa San Antonio 4-2. Mabadilishano ya aina hiyo nayaunga mkono kwa mikono miwili. Sisi pia tuna vijana wa benchi wanaostahili kupata dakika mahali pengine, na tuna upungufu wa beki wa akiba. Hapo tuzungumze.

Tunachotaka kufanya ni kingine kabisa. Kikapu kina watu watano uwanjani. Ukiwatoa wawili umetoa karibu nusu ya timu, tofauti na mpira wa miguu wenye kumi na mmoja. Na hata huko kwenye kumi na mmoja tumeona. Simba walitwaa ubingwa misimu minne mfululizo mpaka 2020/21, kisha Agosti 2021 Luis Miquissone akaenda Al Ahly na Clatous Chama akaenda RS Berkane. Msimu uliofuata ubingwa ukahamia Jangwani kwa Yanga. Sisemi ni hilo pekee lililowaangusha, ila mashabiki wa Simba wanajua walichokikosa pale mbele.

Niruhusu nieleze kitu ambacho hakionekani kwenye karatasi ya matokeo. Senta wetu aliwahi kuvunjika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na kikaunga vibaya. Mpira ukimjia upande huo unamponyoka. Mchezeshaji wetu analijua hilo kuliko kocha. Misimu mitatu waliyocheza pamoja sikumbuki kumwona akimpasia kushoto hata mara moja. Akibanwa kabisa, anazunguka, anaudundisha mpira chini mara moja, unamfikia mwenzake mkono wa kulia, usawa wa kiuno. Hawasemeshani wala hawatazamani. Nami pale mezani naandika pointi mbili kwa senta, na watu wanapiga makofi bila kujua kazi yote imefanyika kwenye ule mdundo mmoja. Kitu hicho hakihamishiki. Tukiwapeleka wote wawili Dar, watakwenda nacho. Akija mwingine, atahitaji miaka mitatu yake.

Halafu kuna upepo. Uwanja wetu ni wa saruji, hauna paa wala ukuta, na tangu Juni hadi Septemba kila aliyeishi Dodoma anajua jioni zinavyokuwa. Kabla ya mazoezi tunafagia vumbi, tukimaliza upande mmoja upande wa pili umeshajaa tena. Mpira uliotupwa kutoka mbali unahama ukiwa hewani. Vijana wetu walilitambua hilo muda mrefu, ndiyo maana wanapeleka mpira ndani kwa senta na kufunga kwa kugongesha ubao. Mchezo wetu wote umejengwa hapo. Sasa tunataka kumleta mfungaji wa mbali, tuwaondoe wale wanaopeleka mpira ndani, na mechi zetu nyingi tunazichezea pale pale kwenye upepo. Kijana huyo simsemi vibaya, huenda ni hodari kweli. Ila tunamwita mahali ambapo kipaji chake kitapigana na hali ya hewa.

Jambo la mwisho linaniuma kuliko yote. Vijana wenyewe hawajaulizwa. Senta anabeba mizigo soko la Majengo na mama yake anamtegemea. Habari ya kuhamishwa aliipata kwa muuza chipsi jirani na uwanja, akaja kuniuliza, "Dada, ni kweli?" Sikuwa na la kumjibu. Huko Marekani angalau kuna mikataba ya mamilioni ya dola inayomfuata mchezaji popote aendapo. Huku kijana akihama anaanza upya kutafuta chumba cha kupanga na kibarua. Kama kuna timu inayomtaka na yeye mwenyewe anataka kwenda kutafuta maisha, nitamsindikiza mpaka stendi ya Nzuguni na kumwombea heri. Kumtoa kama kiti cha ziada ni jambo lingine.

Kikao cha wanachama ni Jumamosi hii saa kumi jioni, pale pale uwanjani. Nimemwomba Mwenyekiti nafasi ya kuzungumza kabla kamati haijaamua, naye amenikubalia dakika tano. Nitakwenda na daftari la fainali, nitawasomea mitupo ile tisa mmoja mmoja, na aliyeikosa. Senta amekosa mmoja. Mchezeshaji hakukosa hata mmoja.

Mwandika alama,
Nkuhungu, Dodoma