Mwanangu, kuhusu hiyo sumu uliyoniuliza

Moshi, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema dawa ya saratani ninayotundikiwa hospitali ya KCMC ina undugu na sumu ya vitani, unanisihi niiache nitumie miti shamba ya shangazi yako. Ulichosoma ni kweli. Nimefundisha kemia maisha yangu yote, sitakuficha.

Sumu yenyewe ni gesi ya haradali, Wajerumani waliirusha kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1917. Madaktari wakaona kwamba waliovuta gesi ile chembe nyeupe za damu ziliwaporomoka. Baadaye watafiti Goodman na Gilman, wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakajiuliza: kama inaua chembe nyeupe, si itaua na saratani inayotokana nazo? Wakatumia aina ambayo mahali pa salfa pamewekwa nitrojeni, na mwaka 1942 mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano. Uvimbe ukanywea. Kisha ukarudi, akafariki, na kwa siri za vita habari hiyo haikuchapishwa hadi 1946. Namfikiria sana mtu huyo, kuliko hata madaktari wake.

Yangu mimi ni siklofosfamidi, ya ukoo huo huo, iliyotengenezwa Ujerumani miaka ya 1950. Ikiingia mwilini haina makali. Ini ndilo linaloigeuza ikaanza kazi. Huzifunga pamoja nyuzi mbili za DNA, zile zinazobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli; seli ikitaka kugawanyika inashindwa, inakufa. Seli za saratani hugawanyika bila breki, ndiyo maana zinapigwa sana. Za nywele na za uboho, ule unaotengeneza damu ndani ya mifupa, nazo zina haraka, kwa hiyo nywele zimekwisha, nashinda na kilemba ulichoninunulia. Mabaki yake huunguza kibofu, ndiyo sababu manesi wananisisitizia maji kila saa.

Shangazi yako ananipenda, najua. Lakini mchemsho wake haujulikani kipimo, na utapita kwenye ini hilo hilo linalotakiwa kuiamsha dawa. Hapa dozi hukokotolewa kwa urefu na uzito wangu, na damu hupimwa kabla ya kila mzunguko. Sumu iliyopimwa hivyo naikubali, mwanangu. Nataka kuishi.

Njoo wiki ijayo. Ila ukiwa na mafua, subiri upone kwanza, chembe nyeupe zangu ziko chini. Basi likisimama Segera, ninunulie machungwa.

Mama yako