Mafundi mnaorekodi video za injini, tuonyesheni pia mnavyopima

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na mafundi wenzangu kuhusu hizi video za kufungua na kuunda upya injini ambazo zimejaa kwenye simu za vijana wetu.

Ukipita Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunakuita Grogan, au ukija huku kwetu Kariobangi Light Industries, hutakosa kijana aliyeinamia injini huku simu yake imeegemezwa kwenye debe la oili. Wazee wa kazi huwabeza. Wanasema ufundi hauko kwenye simu, uko mikononi. Mimi ni mama niliyesomesha watoto kwa kazi ya ovaholi, yaani kufungua injini na kuiunda upya, na katika hili siungi mkono wazee wenzangu.

Sisi tulijifunza kwa kuvizia. Fundi akifika pale pa kuoanisha alama za taiming, zile zinazofanya vali na pistoni ziende pamoja, anakutuma chai au anakupa sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, ukaioshe. Ukirudi, kava imeshafungwa. Kuna watu waliokaa miaka wakiosha vyuma kwa petroli bila kuonyeshwa kitu, kwa sababu mwenye kazi aliogopa kunyang'anywa wateja. Video haimtumi mtu chai. Kijana anaisimamisha, anairudisha nyuma, anaipunguza mwendo mpaka aone vile viungo vya cheni vilivyotiwa rangi vinavyokaa juu ya alama za gia za kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Usiku anaitazama tena nyumbani kabla ya kushika spana asubuhi. Waliojitolea kurekodi kazi yao ili wengine waone, popote walipo duniani, nawashukuru kwa dhati.

Hata hivyo video nyingi zina pengo, na pengo hilo linaua injini.

Mwaka jana nililetewa Toyota Fielder yenye injini ya aina ya 1NZ. Ilikuwa imefanyiwa ovaholi kwingine, ringi mpya za pistoni, gasketi mpya, beringi mpya, na haikumaliza hata miezi mitatu kabla ya kuanza kutoa moshi wa buluu na kumaliza oili. Mwenye gari alikuja na fundi aliyeifanya, kijana mtaratibu, mwenye heshima. Akanitolea simu. "Mama, nilifuata video hatua kwa hatua," akaniambia. Tuliitazama pamoja yote, na kweli, hakuna hatua aliyoruka. Kofia za beringi alizirudisha kila moja mahali pake na mshale ukielekea mbele. Ringi alizipanga mianya isifuatane. Kisha tukafungua injini na nikaingiza geji ya silinda, kifaa cha kupima upana wake wa ndani: juu, katikati, chini, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda mbili hazikuwa duara tena. Zilikuwa zimeliwa upande, zikawa kama yai. Ringi mpya ndani ya silinda ya namna hiyo haiwezi kukaza, hata uinunue kwa bei gani. Video ile ilikuwa nzuri, imerekodiwa vizuri, ila hakuna mahali fundi wake alipopima kitu chochote.

Naelewa kwa nini. Kazi ya siku kadhaa inapunguzwa iwe dakika ishirini, na kinachokatwa kwanza ni kile kisichopendeza macho. Pistoni ikiteremka silindani inapendeza. Injini ikinguruma mara ya kwanza inapendeza. Mtu aliyeinama kimya anasoma maikromita, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana vya chuma, nani atamtazama? Ilhali ovaholi yenyewe iko hapo. Kufungua na kufunga nati ni kazi ambayo kijana yeyote mwenye akili ataijua. Kujua kama chuma hiki kinarudi ndani ya injini au kinakwenda kwa wauza skrepu ni jambo la nambari.

Chukua ringi moja tu. Kabla ya kuivisha pistoni, iingize silindani peke yake, kisha isukume chini kwa kichwa cha pistoni uliyoipindua ili ringi ilale sawa. Utaona ncha zake mbili zimeachana. Hapo ingiza bapa za fila geji, vibati vyembamba vyenye unene ulioandikwa, moja baada ya nyingine, mpaka upate inayopita kwa ugumu kidogo. Kwa silinda ya milimita 75 kama ya 1NZ, ringi ya juu tunaitarajia kwenye robo ya milimita kwenda theluthi hivi, na neno la mwisho ni la kitabu cha injini hiyo. Pengo likiwa dogo mno, chuma kikipata moto kinatanuka, ncha zinagongana, ringi inakwaruza silinda au inavunjika. Likiwa kubwa mno, moto wa silinda unapenya kwenda kwenye sampu na oili inapanda juu kuungua. Kupima hivyo kwa silinda zote nne hakumalizi muda wa kunywa chai, na fila geji ni kifaa cha bei ndogo. Hakuna sababu ya kukikosa.

Beringi za kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ni vivyo hivyo. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki huhesabiwa kwa mia za milimita, jicho haliwezi kuiona. Upo uzi laini wa plastiki unaolazwa juu ya kranki, kofia inafungwa kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni bila kuzungusha kranki hata kidogo, kisha inafunguliwa. Uzi utakuwa umebanwa ukapanuka. Unalinganisha upana wake na mistari iliyochapwa kwenye karatasi yake. Ni hivyo tu. Ni mafundi wangapi wa jua kali wameuona ukitumika?

Kuna na suala la vipimo vya ugenini. Video nyingi zinatoka Marekani, na injini yao ni V8 ya Chevrolet yenye kamshafti moja ndani ya bloku. Sisi tumejaza mji huu Probox, Vitz na Fielder, bloku ya alumini, kamshafti mbili juu, cheni mbele. Mmarekani akisema kaza kwa 60, anamaanisha futi-pauni, ambazo ni kama nyutoni-mita 81. Kijana wa hapa anaweka 60 kwenye spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, iliyoandikwa nyutoni-mita, basi bolti imebaki na upungufu wa robo nzima, na gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini, itapasuka siku gari likipanda mlima na mizigo. Akikosea upande wa pili, atakaza kupita kiasi kwa theluthi na kung'oa nyuzi za tundu la bolti kwenye alumini. Tena bolti za hedi za 1NZ hazikazwi kwa toki peke yake. Zinaanza kwa nyutoni-mita 29, zikianzia katikati kwenda nje, halafu kila moja inazungushwa digrii 90, yaani robo ya mzunguko, halafu 90 tena. Nimetazama video ambapo mkono unaonekana ukikaza, muziki unapigwa, na bolti zote kumi zimeisha bila nambari hata moja kutajwa.

Wapo mafundi wetu wanaorekodi kwa Kiswahili, na kazi yao naifurahia sana. Ninyi ndio ninaowaomba. Kijana aliyeachia masomo darasa la nane anawaelewa ninyi kuliko atakavyomwelewa Mmarekani anayeongea mbio. Leteni geji karibu na kamera. Someni nambari, tajeni ni ya kipimo gani, semeni kitabu kinataka ngapi, kisha mwamue mbele yetu: hii inarudi, hii hairudi. Mtuonyeshe na silinda iliyokataa, siyo zilizokubali tu. Na mnapopaka silikoni ya sampu, tafadhali onyesheni kiasi chake, maana ile inayobaki ndani humeguka, ikaziba chujio la pampu ya oili, na kranki ikafa kwa kiu huku sampu imejaa.

Wenye karakana nao wasiifungie spana ya toki kabatini kana kwamba ni dhahabu. Kama maikromita na geji ya silinda ni ghali kwa banda moja, mabanda manne yanaweza kuchangishana. Kijana aliyezoea kupima hatapata taabu akienda kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, Gredi ya III mpaka ya I, na cheti hicho kitamfungulia milango ambayo maneno yetu hayawezi kuifungua.

Nawe mwenye gari, kabla ya kulipia ovaholi, itisha vipimo vya silinda na kranki vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi. Fundi aliyepima hatachukia kuulizwa.

Hapa kwangu nina bloku ya injini ya aina ya 5A iliyotoka kwenye Corolla 110, ya chuma, imechakaa vya kutosha kufundishia, na kranki yake ipo. Fundi yeyote anayerekodi kwa Kiswahili na hana vifaa vya kupimia, aje nayo simu yake Jumapili mchana wakati karakana imetulia. Geji, maikromita na ule uzi wa plastiki nitatoa mimi, na sitaki malipo. Ninachotaka ni nambari zisomwe kwa sauti, na sehemu hiyo isikatwe.

Mama fundi wa injini,
Kariobangi Light Industries, Nairobi