Wasifu wa bibi yako: andika kazi ya mikono yake

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku Ngamiani, Tanga, wote wazima, alhamdulillahi. Rasimu ya wasifu wa bibi yako uliyonitumia kwa ajili ya arobaini nimeisoma. Lugha yake nzuri. Ila "alikuwa mchapakazi, mcheshi na mpenda watu" ni maneno ambayo marehemu yeyote huvikwa, na siku hiyo baraza litajaa watu waliozaliwa mikononi mwake. Mtu aliyeuguza hadi kustaafu, akalea, kisha akajitolea mtaani mpaka magoti yakamkatalia, atajwe kwa kazi yenyewe: alifanya nini, kwa kipimo gani, na alikuwa akiogopa nini. Nakuandikia ninayoyajua, wewe utachagua.

Miaka isikutese. Ifunge kwenye mambo ambayo kila mzee pale anayakumbuka. Uhuru wa 1961 ulimkuta bado shule. Azimio la Arusha la 1967 lilimkuta kwenye sare nyeupe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, watu walipokuwa wakikaa vikundi mbele ya redio kisha wanainuka kwenda kuchimba vyoo, yeye alikuwa kwenye vikundi hivyo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, na hapo ndipo ilipo sehemu nene ya maisha yake. Usiandike "alihudumu sehemu mbalimbali". Andika hospitali ya Bombo, wodi ya wazazi, kisha kliniki ya mama na mtoto, kisha huduma ya mkoba, yaani kuwafuata watu walipo, kwenye vijiji vya njia ya Pangani hadi Tongoni.

Chanjo uielezee vizuri, maana wengi wanadhani ni kuchoma sindano tu. Zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi tangu friji mpaka kwenye mkono wa mtoto. Kosa la nesi mgeni ni kudhani adui ni joto peke yake. Chanjo za surua, polio na BCG, ile ya kifua kikuu, kweli huharibiwa na joto na jua. Lakini ya pepopunda, na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, hufa kwa kuganda. Ukitoa vile vibuyu bapa vya barafu kwenye friza na kuvipanga moja kwa moja ndani ya kibebeo cha chanjo, chupa za pepopunda zitaganda njiani kabla hujafika kijijini, na kwa macho huwezi kujua. Bibi yako alivitoa kwanza, akaviacha mezani mpaka vitoe jasho na ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani. Hapo ndipo alipovipanga. Safari ilichelewa kwa ajili hiyo, na dereva akilalamika hakumjibu.

Akiitilia shaka chupa, aliipima. Alichukua nyingine ya toleo lile lile, akaigandisha makusudi na kuiyeyusha, akazitikisa zote mbili kwa nguvu, akaziweka mezani pamoja na kuzitazama kwa nusu saa. Iliyoganda hutuama upesi, ungaunga chini na maji meupe juu. Ile anayoishuku ikituama sawa na hiyo, inatupwa. BCG na surua zikishachanganywa na maji yake, mwisho ni muda wa saa sita tangu kuchanganywa, hata kama chupa ina dozi zilizobaki na watoto hawajaisha. Hilo lilimuuma, kwa sababu kuna mama aliyetembea kutoka mbali akarudi na mtoto hajachanjwa. Hata hivyo chupa iliyokaa wazi huota vijidudu, na mtoto akidhurika kijiji kizima hakitaleta tena watoto.

Miaka ile sindano zilikuwa za kioo, zinachemshwa. Maji yakishatokota ndipo saa inaanza kuhesabiwa, dakika 20 kamili. Ukiongeza sindano nyingine katikati, unaanza upya. Sindano moja kwa mtoto mmoja. Maji ya kisima chenye chumvi yaliacha ukoko ndani ya tundu, kwa hiyo kila moja ilisukumwa maji kwanza kabla ya kuchemshwa.

Na BCG ya mtoto mchanga, mililita 0.05, inaingia ndani ya ngozi ya bega la kulia, haipiti chini yake. Dalili ya kuipatia ni kivimbe cheupe kinachoinuka pale pale na vitundu vya vinyweleo vikaonekana. Kisipoinuka, sindano imezama, na mtoto anaweza kuota jipu kwapani. Kidonda kidogo kikitokea baada ya wiki mbili hivi, kiachwe bila dawa wala mafuta, kitapona chenyewe na kuacha kovu. Nusu ya mtaa huu ina kovu lake begani. Liandike hilo, watu watajishika mabega.

Kwenye uzazi, ugonjwa aliouogopa kuliko yote ni pepopunda ya kitovu. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri siku mbili, halafu kuanzia siku ya tatu kinywa kinakaza, hanyonyi, mwili unajikunja akiguswa. Kinachoileta ni wembe mchafu, au majivu, masizi na samli vinavyopakwa kitovuni. Ndiyo maana alikaa na wakunga wa jadi vibarazani mwao, hakuwaita ofisini. Mambo mengi ya kwetu aliyaacha yalivyo. Mama mzazi kukaa ndani siku arobaini, uji wa pilipili manga, supu ya kuku, kufungwa tumbo kwa kanga isiyobana sana: yote sawa. Kukandwa kwa maji ya moto alisema yapoe mpaka mkandaji aweze kuzamisha mkono wake, kwa sababu wapo waliobabuka. Kwa kitovu hakulegeza: wembe mpya, uzi uliochemshwa, mikono ya sabuni, na kisha kisipakwe kitu. Wajawazito aliwahesabia sindano za pepopunda: ya kwanza siku anayofika, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mwaka, kisha mwaka. Zikitimia tano amekingwa kwa miaka yake ya kuzaa.

Na kanga. Kila mwanamke wa pwani ana kanga, basi akaifanya kipimo. Kanga mbili zikilowa damu baada ya kujifungua, imeshapotea nusu lita au zaidi. Hapo hakuna kusubiri mume arudi kutoka baharini wala mashauri ya wakwe, ni kusugua tumbo la uzazi mpaka ligumu, kumweka mtoto titini, na kutafuta gari. Wanaume wa kamati ya mtaa aliwafundisha pia, kwa kuwa ndio wenye pesa ya gari. Mfuko wa dharura wa wajawazito alioutunza baada ya kustaafu ulitokana na hesabu hiyo ya kanga.

Maji ya chumvi na sukari taja kwa ufupi, kila mtu anayajua. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kinachoharibika ni chumvi kuzidi, na hilo ni hatari kwa mtoto mdogo, hivyo alimlazimisha mama aonje kwanza: yakizidi chumvi ya machozi, mwaga uanze upya. Mtoto akitapika, ngoja dakika kumi, kisha kijiko kimoja kimoja. Yasilale, yakipita saa 24 yamwagwe.

Sehemu ambayo rasimu yako imeiruka kabisa ni kuosha maiti. Hakulipwa, na hakuitaja. Wanawake wa mtaa walimgongea usiku, naye alijua kwamba nusu ya kazi hufanyika kabla ya maji. Roho ikishatoka, yafumbwe macho, taya lifungwe kwa kitambaa kupita utosini, viungo vikunjwe na kunyooshwa taratibu. Familia ikiacha hayo kwa kilio, saa chache baadaye mwili umekaza, na kuvunja ukakamavu huo kwa nguvu ni kumdhalilisha maiti. Maji ya uvuguvugu tu, kwani ya moto yanachuna ngozi. Mwili unafunikwa kitovu hadi magoti muda wote, mkono wa muoshaji umevikwa kitambaa, kichwa kinainuliwa kidogo, tumbo linabonyezwa polepole. Kuumeni kwanza. Majani ya mkunazi yaliyopondwa mwanzoni, kafuri mwishoni, mara tatu, na pakihitajika zaidi iwe kwa witiri, yaani tano au saba. Nywele za mwanamke zinasukwa mafundo matatu na kulazwa nyuma. Sanda yake vipande vitano: kikoi, kanzu, ushungi na shuka mbili za kumzungushia.

Wasichana aliowafundisha ndio waliomwosha yeye. Hawakukosea kitu, nilikuwa pale.

Kuhusu umama wake usiandike sana, wanawe tutakuwepo pale na tutaulizwa. Weka tu kwamba alizaa akiwa kazini, akarudi zamu za usiku na watoto wakilala kwa jirani, na kwamba majirani hao walilea kama wazazi. Wataje, wako hai, watafurahi.

Hitma ni baada ya alasiri na imamu ametupa muda mfupi, kwa hiyo karatasi mbili za mwandiko mkubwa zinatosha. Cheti chake cha ukunga nimekihifadhi kwenye ile bahasha ya kaki pamoja na barua ya kustaafu, nitakupigia picha kesho ili mwaka usikosewe. Wenzake wawili wa wodini bado wapo, mmoja Chumbageni, mwingine Makorora. Ukimaliza kuandika, nitumie kabla ya Jumanne nikawasomee. Nilipokosea kipimo watanisahihisha.

Wasalaam,
Mama yako