Barua kwa wanandoa wa chama chetu, Umoja

Wanangu,

Mkutano wa Jumapili mliongea karo, mkopo wa ploti na nani hajatoa mchango. Kikao kilipovunjika, watatu mkanifuata jikoni, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lilelile: "Shangazi, tunapendana, hatugombani, lakini usiku tunalala kama ndugu." Nawajibu wote hapa. Kwa nyuso nilizoziona, si watatu tu.

Yuko mtaalamu wa masuala ya wapenzi, Esther Perel, mzaliwa wa Ubelgiji anayefanya kazi New York. Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 2006, kilishika jambo hilihili. Upendo, asema, unataka ukaribu na uhakika. Hamu inataka nafasi, kitu cha mwenzako ambacho bado hujakimaliza. Aliwauliza watu wa nchi nyingi ni lini wenzao huwavutia zaidi. Wakataja anaporudi baada ya kuwa mbali, au wanapomwona kwenye kazi anayoimudu. Kumtunza mwenzako ni upendo mkubwa, lakini huzima hamu.

Mmoja wenu alinionyesha simu yake, jumbe za mwezi mzima na mumewe. "Tokeni zimeisha." "Pitia maziwa." "Mwalimu anaulizia pesa." "Umefika?" Yote hayo mwenye nyumba angeweza kumwandikia mpangaji.

Mwingine alipita soko la Gikomba, anakouza mumewe, bila kumwambia. Akamkuta juu ya meza ya viatu, ananadi, sauti imekauka, wateja wamekufa kwa kicheko. Alisimama kando akimtazama kama mwanamume wa watu. Aliponisimulia aliona haya, akaanza kuchezea leso. Haya ya nini? Hiyo ndiyo hamu yenyewe, mwanangu. Pita tena.

Ila hapa kwetu kuipata hiyo nafasi ni kazi. Wengine mko chumba kimoja, watoto nyuma ya pazia, na foleni ya Outering Road imeshakula nguvu zote kabla hamjafika mlangoni. Wala nafasi si kukesha baa. Wanaume, msijifiche nyuma ya mama wa watu wa New York. Ni mkeo kwenda kwaya Alhamisi bila kupigiwa simu mara tano, "uko wapi?" Ni mumeo kwenda mpirani akarudi na hadithi usiyoijua. Na anayepigwa nyumbani, barua hii si yake: apige 1195, namba ya msaada hapa Kenya kwa wanaodhulumiwa, ni bure.

Jambo moja Perel amelisema nami nalikubali kabisa: siku hizi tunamdai mtu mmoja yale yaliyotolewa na kijiji kizima. Kijiji mlikiacha nyumbani, lakini mimi nipo. Jumamosi moja kila mwezi nileteeni watoto walale kwangu. Waje wameoga na wamekula. Na usiku huo asionekane mtu kwenye kundi la chama akiuliza habari ya mkopo.

Shangazi yenu